Kabati la Dada Lililoota Nyuzi Sita

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Jumatano, na gitaa limekwisha. Limepakwa vanishi tabaka sita, linang'aa kama kipara cha bwana harusi. Fundi Droo analilaza chali juu ya blanketi lililokunjwa mara nne, anashusha pumzi, anachukua patasi nyembamba kuliko kidole cha mtoto na kuanza kulichimba.

"Kama una moyo mwepesi, tazama pembeni," anasema bila kuinua kichwa.

Anachokichimba ni kile kibao kilichogandishwa kifuani mwa gitaa. Watu wa muziki hukiita daraja, kwa sababu nyuzi zote hupita juu yake. Juzi daraja hilo lilikuwa na mfereji mmoja mwembamba uliolalia upande wa kulia. Fundi ameuziba kwa kipande cha mbao ileile, na sasa anachonga mwingine unaolalia kushoto. Chini ya daraja kuna uso wa gitaa, mbao yenye unene wa milimita tatu. Patasi ikiteleza kidogo tu, kazi ya miezi kumi na moja imekwenda na maji.

Gitaa linatakiwa keshokutwa, saa sita mchana.

Mlango wa jirani unafunguliwa kwa kishindo. Ni fundi cherehani wa chumba cha pili, mama mwenye sauti ya kengele na pini mdomoni tangu alfajiri.

"Bado unalitoboa? Si ulisema limekwisha?"

"Lilikwisha. Sasa linaanza upya."

"Wewe na 'limekwisha' yako ni kama mimi na 'njoo kesho' yangu."

Fundi anaendelea kuchonga. Ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, kama mwanafunzi anayeandika jina lake kwa mara ya kwanza.

Ana miaka hamsini na mmoja. Jina la utani amelipata kwa haki: droo zake hufunguka kwa kidole kimoja, masika na kiangazi. Hutengeneza vitanda, milango, viti, na mara mojamoja jeneza. "Jeneza ndiyo kazi nzuri," anasema. "Mteja hajawahi kurudi kulalamika."

Kwa mwezi mzuri huuza vitanda vinne. Anavigawa hivi: cha kwanza ni kodi, cha pili chakula, cha tatu ada za shule. "Cha nne ni maombi." Kitanda chake mwenyewe kimekosa mguu mmoja, kimekingwa kwa tofali kwa mwaka wa tatu sasa. Mganga hajigangi.

Gitaa hajawahi kutengeneza maishani mwake. Hata kupiga hajui. Hili ni la kwanza, nalo si la kuuza. Ni zawadi ya dada yake, siku ya kustaafu kwake.

Mama yao alipofariki, fundi alikuwa na miaka tisa na dada kumi na minane. Mwaka uliofuata dada akaajiriwa kufua mashuka ya hospitali. Hajatoka hapo mpaka leo, miaka arobaini na mmoja. Mikono yake ndiyo iliyomlea mdogo wake, ikamlipia ada, ikampeleka kujifunza useremala alipokataa kabisa kuelewana na hesabu.

"Hesabu tulipatana baadaye," fundi anasema. "Mbao haikubali ubishi."

Mikono hiyohiyo ilikuwa na kazi nyingine. Dereva mmoja wa hospitali alipohama alimwachia dada gitaa kuukuu. Dada ni wa mkono wa kushoto. Gitaa lilikuwa la watu wa kulia. Hakuwa na wa kumfundisha wala wa kumkataza. Alilipindua tu, akaanza.

Hapa msomaji asimame kidogo, maana ndipo mkasa wote ulipojificha. Ukishika gitaa la kawaida, uzi mnene unakuwa juu, karibu na kidevu, na mwembamba unakuwa chini, karibu na goti. Dada alipolipindua, nyuzi nazo zilipinduka: mwembamba juu, mnene chini. Vidole vyake vikajifunza hivyo. Aliyekuwa akimsikiliza hakujua lolote. Alijua tu kwamba ni tamu.

"Nikigoma kula, anapiga," fundi anakumbuka. "Nikiumwa, anapiga. Uzi ukikatika, anapiga na tano zilizobaki. Mimi nilidhani kila nyumba ina gitaa, kama ilivyo na sufuria."

Alipohitimu, akiwa na miaka ishirini na minne, fundi alimtengenezea dada kabati. Ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza: mkangazi mtupu, milango miwili, zito kama ng'ombe aliyekataa kuinuka. Lilikuwa na kasoro moja tu. Miguu yake aliisawazisha juu ya sakafu ya karakana, na sakafu ile ilikuwa imelala upande.

"Kwa hiyo kabati langu lilisimama wima mahali pamoja tu duniani: palepale karakanani. Kwingine kote lilisimama kama mlevi anayejibu maswali."

Dada alilipokea hivyohivyo. Alikunja karatasi ngumu, akaisukuma chini ya mguu mfupi, akapanga nguo zake. Karatasi ile ilibadilishwa na kubadilishwa kwa miaka ishirini na mmoja.

Miaka sita iliyopita, siku ya kupiga deki, karatasi ililowa. Kabati likaanza kuinama, halikugeuza nia. Mbele yake, limeegemezwa kitandani, lilikuwa gitaa.

"Hakuna aliyeumia, tunashukuru. Lakini gitaa lilitoa sauti moja tu, krak, kama mtu anayemeza kidonge bila maji."

Fundi alifika mbio. Alimkuta dada amekaa sakafuni, vipande mapajani, anacheka.

"Aliniambia, 'Mdogo wangu, kabati lako lina wivu.' Angenigombeza, ningelala usingizi. Alicheka. Miaka sita sijasahau kicheko kile."

Ndugu na majirani walisema watamtafutia lingine. Akakataa. Vidole vyangu vimestaafu kabla yangu, akawaambia, na tangu hapo nyumba ikawa na redio.

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwaka jana dada alipopata barua ya kustaafu, fundi alikwenda kwake na mkokoteni.

"Nimekuja kulichukua kabati, nikalitengeneze miguu."

"Baada ya miaka ishirini na saba?"

"Si nilikuwa natafuta nafasi."

Dada akahamishia nguo kwenye maboksi. Fundi akalisukuma kabati mpaka karakanani, akafunga mlango, akalipasua.

Hilo ndilo alilokuwa amelipanga. Kabati liliua gitaa. Basi kabati lilizae gitaa. Mbao za mkangazi alizichana kwa msumeno wa mkono mpaka zikawa nyembamba kama jalada la kitabu. Hizo ni mgongo na mbavu. Uso, ambao hutaka mbao nyepesi, ulitoka kwenye msonobari wa madirisha ya zamani. Alipita kwa wabomoaji akigonga kila ubao kwa kifundo cha kidole, sikio limebanwa hapohapo.

"Alikuwa kama mtu anayepiga simu kwa mlango," fundi cherehani anasema. "Nikamwambia, jirani, zikikujibu uniite."

"Mmoja ulijibu," fundi anasema. "Wa kumi na nne."

Vipimo alivipata kwa mwalimu wa muziki wa shule ya karibu, aliyemwazima gitaa lake kwa sharti la kulirudisha zima. Kukunja mbavu alijifundisha mwenyewe: bomba la chuma lenye makaa ndani, mbao iliyoloweshwa, na subira. Ubavu wa kwanza ulivunjika. Wa pili ukavunjika. Wa tatu ulipovunjika, fundi alikaa chini akala mkate wote aliotumwa kuupeleka nyumbani. Kabati lilikuwa na mbao za kuhesabu, na alibakiwa na vipande viwili tu virefu vya kutosha.

Viwili hivyo vilikubali kupinda.

Kisha kikatokea kikwazo kingine. Ndani ya gitaa, pale mbavu zinapokutana na uso, hugandishwa ukanda mwembamba, nao lazima ubanwe kila baada ya sentimita moja mpaka gundi ikauke. Fundi alikuwa na vibanio vinne vya chuma. Alihitaji themanini. Akaenda kwa dada.

"Naomba vibanio vya nguo. Vya mbao, vile vikali."

"Vingapi?"

"Kama mia."

"Vya nini?"

"Mke wangu anafua."

"Mkeo ana nguo mia?"

Alivipata. Wiki nzima gitaa lilikaa mezani limeota vibanio pande zote kama nungunungu, na mke wa fundi alipokuja kulitazama alishika kiuno. "Kuna wanaume huficha hawara," anasema. "Wangu anaficha gitaa. Mimi nimeshukuru, nikamletea chai."

Jumapili zote hizo, dada hakuacha kuuliza. Kabati langu? Miguu bado, dada. Kabati lina miguu mingapi, mdogo wangu, ni tandu?

Sasa tufike Jumamosi iliyopita, siku ambayo fundi aliona nyota saa nne asubuhi.

Gitaa lilikuwa limekwisha kwelikweli. Mwalimu wa muziki alimwelekeza: mtu wa mkono wa kushoto, mgeuzie kila kitu. Fundi akageuza kila kitu. Mkato wa bega, ule unaoachia mkono nafasi, akauweka upande mwingine. Vitone vyeupe vya kuongozea macho akavihamishia ukingo mwingine wa shingo. Mfereji wa daraja akaulaza upande mwingine. Na nyuzi akazifunga kinyume, ili mtu wa kushoto akishika, uzi mnene uwe juu inavyostahili. Kazi safi, ya kitabuni. Akajipongeza kwa soda.

Dada akatokea mlangoni. Alikuwa amekuja kudai kabati.

Gitaa lilikuwa wazi mezani. Hapakuwa na pa kulificha, hata blanketi alikuwa amelikalia.

"La nani hilo?"

"La mteja."

"Wewe na magitaa wapi na wapi?"

"Dunia inabadilika, dada. Hebu lijaribu, uniambie kama linaita."

Dada alifuta mikono kwenye sketi. Alikaa kwenye kitanda kisicho na chaga, akalipakata kwa mkono wa kushoto, akaweka vidole, akapiga.

"Ilikuwa kama sahani zinaanguka," fundi anasema.

Dada akarudia. Sahani zikaanguka tena. Akatazama nyuzi, akatazama vidole vyake, akatikisa kichwa.

"Nyuzi zimepinduliwa."

"Ni za mtu wa mkono wa kushoto, dada."

"Mimi ni wa mkono wa kushoto, na hazinijui." Akalipapasa ubavuni, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. "Zuri, lakini. Fundi wake ni fundi. Ila hakumuuliza mwenye vidole."

Akalirudisha mezani.

"Litakuwa la nani?"

"La mtu mmoja hivi."

"Ana bahati, huyo mtu. Na kabati langu?"

"Miguu bado."

Alipoondoka, kicheko cha fundi cherehani kilitoboa ukuta. Alikuwa amesikia yote. "Miezi kumi na moja! Umeshona suti nzima, jirani, ukasahau kumpima mwenye suti!"

Fundi alikaa juu ya tofali. Miaka zaidi ya thelathini alikuwa amemtazama dada yake akipiga gitaa, na siku zote alitazama uso wake, hakuwahi kutazama nyuzi. Wengine wa mkono wa kushoto wanahitaji gitaa lililogeuzwa. Dada yake alijifunza kwenye lililopinduliwa. Hayo ni mambo mawili, na yeye alitengeneza moja.

Kurudisha nyuzi tu hakutoshi. Kipande cha mfupa kilicho juu shingoni kina njia sita zilizochongwa kwa unene wa kila uzi, na uzi mnene hauingii njia ya mwembamba. Mfereji wa daraja nao lazima ulale kufuata nyuzi, la sivyo gitaa litaimba puani. Kwa hiyo Jumapili alichonga mfupa mpya, Jumatatu akaziba mfereji, Jumanne akasubiri gundi na kuota ndoto mbaya mchana kweupe.

Na hii ndiyo Jumatano, na patasi ndiyo hii.

Saa mbili na dakika kumi fundi anapuliza vumbi, anainamisha jicho, anapitisha ukucha mferejini mara tatu. Halafu anatupa mikono juu na kupiga ukelele unaomfanya fundi cherehani ajichome sindano.

"Limepasuka?"

"Halijapasuka!"

"Sasa unapiga yowe la nini? Nimetoka damu!"

Alhamisi nyuzi zinafungwa. Linabaki swali moja, gumu kuliko yote: nani wa kulijaribu? Mwili wa gitaa ni wa kushoto, nyuzi zimepangwa kama za kulia. Duniani halina pacha. Mwalimu wa muziki anakuja, analipakata hivi, analipakata vile, anatoka jasho.

"Miaka thelathini napiga gitaa," anasema akilirudisha. "Hili limenitukana."

"Kwa hiyo ni zuri au baya?"

"Fundi, hilo atalijua mtu mmoja tu."

"Basi hata mwizi akiliiba, atalirudisha," fundi anasema. Anacheka, lakini mkebe wa vanishi anaufunga mara tatu.

Ijumaa, saa sita kasoro. Uwanja wa nyuma wa hospitali, kati ya kamba za mashuka. Wafuaji kumi na wanane wamesimama nusu duara, aproni zimelowa. Mashine kubwa ya kufulia imezimwa, na kwa kuwa haijawahi kuzimwa mchana, ukimya wake unaonekana kama mgeni. Msimamizi anasoma hotuba yenye kurasa nne. Dada amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, sare imepigwa pasi kama ya siku ya kwanza ya kazi.

Fundi anapenya kati ya mashuka, amebeba kitu kirefu kilichofungwa kwa shuka jeupe.

"Mbona shuka lako limejikunja hivyo?" dada anauliza, mbele ya wote. "Unanitia aibu kazini kwangu."

"Fungua, dada."

Anafungua. Analitambua palepale.

"Hili si la mteja wako?"

"Ndilo."

"Umemnyang'anya?"

"Mteja ni wewe."

Hotuba inaishia ukurasa wa tatu. Dada analitazama gitaa, anamtazama mdogo wake, anafuta mikono kwenye aproni, mara mbili, kama iliyofutwa mara ya kwanza si yake. Analipakata. Vidole vinakwenda mahali pake vyenyewe, na hapo vinasita.

Anapiga mara moja. Kavu. Vidole vimekaa miaka sita. Fundi amefumba macho. Mkewe amemshika kiwiko.

Anapiga tena.

Safari hii hakuna sahani inayoanguka. Sauti inatoka nzito na ya joto, inapita chini ya mashuka, inagonga ukuta wa wodi na kurudi. Dada anainua nyusi. Anajaribu ya pili, ya tatu, anazifuatisha, na ghafla zinakuwa wimbo. Ni ule wa mtoto aliyegoma kula. Fundi anaujua kwa nota ya kwanza. Anageuka kutazama shuka lililo karibu kwa makini sana, kama mtu anayetaka kulinunua.

Madirisha ya wodi yanafunguka moja baada ya jingine. Wafuaji wanaanza kupiga makofi, kisha mabeseni. Mgonjwa mmoja mwenye mguu wa plasta anagonga ukingo wa dirisha kwa gongo lake, na anagonga kwa wakati. Msimamizi anakunja hotuba na kuitumia kujipepea. Dada anapiga wimbo wa pili bila kuulizwa, wa tatu kwa kuulizwa, na kufikia wa nne hakuna aliyesimama tuli uwanjani isipokuwa ndoo.

Anapopumzika, anainamisha gitaa achungulie ndani ya tundu, pale ambapo mafundi hubandika jina lao. Hakuna jina. Kuna alama nyeusi, yenye ncha mbele na upana nyuma.

Analielekeza tundu kwenye mwanga, anachungulia tena.

"Hii ni pasi yangu."

Miaka mingi nyuma, nyumba haina meza, dada aliung'oa mlango wa kabati, akaulaza, akanyooshea nguo juu yake, akaitwa nje, akaiacha pasi. Fundi alipopasua mbao aliikuta alama ile. Aliilinda kila mahali msasa ulipopita, akaielekeza ndani.

"Hii ni pasi yangu," dada anarudia, "na hiyo ni..." Anainua kichwa. "Umelikata kabati langu!"

"Dada..."

"Miezi kumi na moja nguo zangu ziko kwenye maboksi! Kila Jumapili miguu bado, miguu bado! Kumbe mnyama mwenyewe ulishamchinja!"

Uwanja mzima unaangua kicheko, na dada anacheka kuliko wote. Anacheka kama siku ile alipokuwa sakafuni na vipande mapajani, ila sasa machozi yanamtoka na gitaa ni zima.

"Nilistaafu kazi saa sita," anawatangazia wenzake akiinuka. "Vidole vimeajiriwa saa sita na robo!"

Usiku ule, mke wa fundi anasema, mumewe alilala kabla taa haijazimwa, juu ya kitanda chenye tofali, kama mtoto aliyeshiba.

Sasa wateja wanaulizia magitaa. Mwalimu wa muziki ameagiza moja, "la binadamu wa kawaida, tafadhali." Mgonjwa wa plasta anataka la mjukuu wake. Fundi anapanga kutengeneza manne kwa mwaka, yasizidi, na vitanda viendelee kulipa kodi. Juu ya meza ya kazi ameandika kwa chaki, herufi kubwa: MUULIZE MWENYE VIDOLE. Fundi cherehani ameomba aandikiwe hivyohivyo, ila kwa kiuno.

Lakini agizo la kwanza ni kabati jipya la dada. Limekwisha kuungwa, limebaki miguu, na safari hii hatalisawazishia karakanani. Jumatatu amelipeleka nyumbani kwa dada, amelisimamisha palepale litakapokaa, amepiga magoti na msumeno, na pima maji mpya ipo juu. Anakata, anatazama, anakata. Dada amekaa kitandani anapiga gitaa.

"Taratibu na huo msumeno, unanichafulia wimbo."

Tone la hewa linatembea ndani ya pima maji, linasitasita, linatulia katikati kabisa.

"Limesimama?" dada anauliza.

Fundi analisukuma kwa bega. Kabati halitikisiki. Anasimama, anajipangusa magoti, anatabasamu. Kisha anatoa mfukoni msumari na nyundo, anavuka chumba, na kuanza kugongelea msumari kwenye ukuta wa pili, ule ulio mbali zaidi.

"Limesimama, dada. Lakini gitaa, tulitundike huku."